Radhi Uliyompa Rukia

Mama, shikamoo. Najua hutaitikia, ila sijazoea kuanza neno bila kukuamkia.

Chumba chako hapa Chaani nimekipaka rangi. Ile kofia uliyoiacha nusu ninayo, sindano ingali imo. Rukia aliiomba nikamwambia sijui iko wapi. Namdanganya mdogo wangu wa tumbo moja kwa sababu ya kofia.

Namwonea wivu, mama. Wivu wa kitoto, na mimi nina miaka arubaini na mbili.

Ile miale ya hospitali uliyopigwa kichwani iliufanya uvimbe unywee, sote tukashukuru. Miezi ikapita ndipo ukaanza kupotea. Unga wa mahamri ukautia iliki mara tatu. Ua la kofia ukalishona asubuhi, ukalifumua alasiri, ukauliza nani kaliharibu. Daktari akasema ni miale: ilipochoma uvimbe iligusa na kumbukumbu, na kilichopotea huenda kisirudi.

Kilichopotea ni mimi. Mimi niliyekupeleka kwenye miale kila siku, niliyekuogesha na kukuvalisha. Rukia alikuwa na kazi yake ya hoteli kule Shanzu, akija Ijumaa na pakiti ya tende, anakaa saa moja. Na jina lililokubakia lilikuwa lake. “Rukia, nipa maji.” “Rukia, Mungu akujaalie, wewe huniachi.” Mwanzoni nilikusahihisha, mimi ni Tima, mama, nawe ukalia kwa kuona haya. Nikaacha. Ukiita Rukia, naitika abee. Dua zote nilizozitolea jasho zikawa zinakwenda Shanzu.

Kisha siku ile ya mwisho, adhuhuri imeshaadhiniwa, ukanishika kiganja ukasema, “Rukia mwanangu, nimekuwia radhi, duniani na akhera.”

Nikaitika, “Abee, mama.” Nikasema amin.

Sasa sijui radhi ile ni ya nani. Kiganja kilikuwa changu, jina la mwenzangu. Nilitaka kumuuliza ustadhi, nikaona aibu, kwa sababu nilijua ninalotaka aseme.

Ijumaa iliyopita Rukia alikaa jikoni akalia. “Dada, mama kaondoka mimi niko kazini. Hakuniachia neno?” Nikamwambia angalia chai isifurike. Wallahi, ndilo jibu nililompa. Akavaa buibui lake akaenda zake.

Basi pumzika, mama, Mola akupanulie hapo ulipo. Ninakuahidi jambo, na linaniuma kuliahidi. Ijumaa Rukia akija nitampa kofia aimalizie, na nitamwambia ulimtaja kwa jina lake ukamwia radhi. Sitamwambia ni nani aliyeitikia.

Mimi ni Tima, mama.