Usukani wa Pikapu ya Depanaji

Jumatatu, 3 Juni

Mabega yananiuma mpaka kalamu inanishinda. Nimevuta kamyoneti moja tu kutoka Gatete, na usukani ulikuwa unashindana nami njia nzima. Unazungusha robo ndipo magurudumu yanakumbuka kugeuka. Na freni — unapiga mara tatu ndipo zinashika! Shemeji Waziri alikuwa amesimama parking, anacheka na wenzake. Eti gari ya depanaji, ya kuvuta magari mabovu, ni ya wanaume, kaka yake marehemu hakulalamika. Mume wangu Nour alilalamika kila siku, mimi ndiye nilimukanda mabega! Waziri anangoja nishindwe achukue gari. Atangoja sana.

Jumatano, 5 Juni

Gari iko kwa fundi Barnaba. Alirudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania mwaka jana, garaji yake ni mabati manne na jeki moja. Anataka kufunga usukani wa pompi, ule unaosaidiwa na mafuta, ametoa kwenye gari iliyoanguka. Silinda ya freni mpya, lastiki za freni zote mpya. Lakini polepole! Anafuta kila nati na kitambaa kama anaogesha mutoto. Nilimwambia watu wananingoja barabarani. Akasema, mama Sabrina, freni hazifungwi kwa haraka. Moyoni nilikuwa nachemka.

Ijumaa, 7 Juni

Kidole kimoja! Nimekata kona ya soko kwa kidole kimoja, na freni zinashika ukigusa tu. Nimepita mbele ya Waziri mara mbili, makusudi. Barnaba amenipa chupa ya maji imejaa mafuta mekundu ya usukani: baada ya siku mbili tatu nifungue kifuniko cha pompi, nikikuta yamepungua niongeze. Nimeiweka jikoni, sababu kwenye gari wezi hawaachi kitu.

Jumatatu, 10 Juni

Mafua. Pua imeziba kabisa. Mafuta ya usukani yalikuwa yamepungua, nimeongeza mbio mbio asubuhi, karibu nusu chupa, nikaenda Kizuka. Sina nguvu ya kuandika.

Jumanne, 11 Juni

Nitamumeza yule Barnaba! Nimeitwa asubuhi huko juu, barabara ya Bururi, lori ndogo ya mihogo imekwama. Baridi na ukungu. Nikazima gari, nikangoja saa mbili nzima wapakue. Tukafunga lori nyuma, nikawasha, nikaanza kushuka. Kona ya tatu usukani ukanguruma — ukakataa. Kabisa! Nikakanyaga freni kwa miguu yote miwili. Gari ikasimama, gurudumu la mbele liko ukingoni, chini kabisa naona mashamba ya watu. Niliacha lori pale, nikashuka pole pole, nikining'inia kwenye usukani. Kufika huku chini kwenye joto, ukalegea wenyewe! Kazi gani hiyo?

Nilikwenda moja kwa moja garajini kwake. Watu walikuwa wengi. Nilisema: "Ninyi mulikaa kambini miaka yote, mukarudi hapa mukajiita mafundi. Utaua watu, Barnaba."

Aliomba afungue boneti tu, aangalie. Nikakataa. Watu wawili wakaanza kusukuma magari yao kuyatoa pale pale, mbele yangu. Vizuri! Waziri naye alikuwepo, akanishika mukono, shemeji umesema kweli. Ni mara ya kwanza ananisifu tangu msiba.

Alhamisi, 13 Juni

Binti yangu Sabrina alikuwa anapika mboga za lengalenga, akaniita. Eti mama, haya mawese yananuka garaji. Mafua yamepona. Nikanusa sufuria, nikanusa chupa. Mafuta ya usukani! Chupa ya Barnaba ilikuwa haijaguswa mpaka Sabrina alipoimimina leo. Kando ya jiko kulikuwa chupa ingine ya maji, nyekundu vile vile, nusu tupu. Nikachovya kidole. Mawese.

Nilimimina mwenyewe. Mafuta ya kupikia, kwenye usukani! Huko juu baridi ikayagandisha, vile yanaganda hapa hapa jikoni kila Juni, ndiyo sababu tunayaweka karibu na moto. Nimezaliwa katikati ya michikichi, mimi Hadjara! Nikamufokea Sabrina, nani anapanga chupa namna hii? Akaniambia, ni wewe, mama. Nilitaka kumupiga. Nilitaka kujipiga mwenyewe.

Na zile freni zilizonisimamisha ukingoni, nani alizifunga? Siku mbili sikujiuliza.

Saa hii nimesikia hodi. Barnaba, na sanduku la vyombo vyake kichwani, amekuja kwa miguu.

"Mama Sabrina, nisamehe," alisema. "Sijui nilikosea wapi, lakini ungekufa kwa mkono wangu. Nitaufungua usukani wote upya, bure. Halafu nitarudi Kigoma. Hapa hakuna tena wa kuniletea gari."

Nilisema karibu, nikamwambia Sabrina amupe chai, nikakimbilia chumbani. Niko chumbani. Naandika sababu mudomo haufunguki. Nikisema, Waziri atasema mbele ya ukoo mzima, si niliwaambia, na ataondoka na ufunguo wa gari. Nisiposema —

Waziri amefika! Hakuna aliyemuita. Namusikia uani, anamukaripia Barnaba, eti kwa ajili yangu. Anamwambia apige magoti aombe msamaha vizuri, na Barnaba anajibu ndiyo, mzee, ndiyo. Sabrina amesimama kwenye mulango wa chumba changu, chupa mbili mukononi. Ananiangalia tu.