Mwikali Wanne

Jumatatu, 12 Mei

Gwaride, rejista, chai. Kisha mimi, mwalimu mkuu mzima, nimepanda juu ya kiti karibu na dirisha, hapo tu ndipo neti inashika, kuingiza Gredi ya Tatu kwa mtandao wa serikali. Simu yangu, bando yangu. Pesa ya shule inakuja kwa kila mtoto aliye mtandaoni. Ambaye hayumo hahesabiwi, hata kama ameketi mbele yangu.

Alhamisi, 15 Mei

Mtandao umewatupa nje wasichana watatu, eti ni mtoto mmoja aliyerudiwa. Woi! Ndugu wanne wa boma la Musyoka, kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama yao, kama kawaida yetu Ukambani. Jina la mwisho, la babu. Kwa hivyo niko na Mwikali Musyoka wanne, waliozaliwa mwaka mmoja, vyeti vya kuzaliwa hawana. Mimi ndiye niliwaandika hivyo. Sikufikiria. Huku nani angefikiria?

Jumanne, 20 Mei

Nimeitwa ofisi ya elimu, mjini Wote. Barua. Eti nimeongeza wanafunzi hewa. Mimi! Nimepewa siku saba kujieleza. Na bila hao watatu idadi haitoshi, tutanyang'anywa Madam Ndinda, mwalimu wao.

Karani mmoja alininong'oneza nibadilishe majina. Mmoja awe Mercy, mwingine Faith, kwisha.

Jumatano, 21 Mei

Nilikaribia kufanya. Nikaenda kwanza kwa susu, nyanya yao, Mwikali mwenyewe, nikamkuta akichagua maharagwe uani. Aliniuliza, "Sasa mwalimu, ni yupi utamnyang'anya jina langu?"

Nikibadilisha, nimeghushi. Nisipobadilisha, wanasema nimeghushi.

Jumatatu, 26 Mei

Afisa amekuja kuhesabu. Nikawapanga wote wanne mbele yake. Akacheka mpaka akatoa miwani. Akaandika kwamba amewaona kwa macho yake, mimi sina kosa. Nikapumua.

Halafu akasema mtandao umefungwa mpaka muhula ujao. Walio ndani ndio hao. Madam Ndinda anaenda.

Ijumaa, 30 Mei

Baba zao wamekuja, wote wanne, kofia mkononi. Shule ya mjini, ile ya kando ya lami, iko na karani, kompyuta na mtu wa kufuatilia vyeti. Pesa ya serikali inafika huko kwa sababu shule iko na pesa ya kuiitisha. Wanawahamisha watoto. Ningekuwa mzazi ningefanya hivyo hivyo, na hilo ndilo linaniuma zaidi.

Jumanne, 3 Juni

Nimesaini barua nne za uhamisho. Gredi ya Tatu nimeiunganisha na ya Nne, nafundisha mwenyewe.

Alasiri mwalimu mkuu wa mjini amepiga simu kushukuru kwa wale wanne. Mtu mpole, hana ubaya. Akaniuliza kama niko na wengine.

Nikamwambia nitaangalia.