Nilimfukuza Mke wa Mwanangu kwa Sababu ya Birika

Mpendwa mshauri, naomba msaada na usinicheke, mimi ni mwanamke wa miaka sabini na moja hapa Matinyani, shule niliachia darasa la tatu lakini barua hii nimeandika kwa mkono wangu, kwa hivyo ukiona makosa ujue sikumwita mtu aniandikie mambo ya nyumba yangu.

Mwaka jana tuliletewa maji ya mfereji kutoka kwa kile kisima kirefu walichimba karibu na soko, na mimi tangu niolewe nimekunywa maji ya kuchimba kwa mchanga wa mto na ya tangi ya mvua, nikaona Mungu amenikumbuka, na mwanangu Ndeti akaninunulia birika ya stima, mkewe Mbithe, msichana wa kule Kikima, akawa ndiye anapika chai. Miezi minne haikuisha. Birika ikaanza kunguruma kama inabeba mzigo, kuchemka inachelewa, nikafungua nikachungulia, nikaona ndani imevaa kitu nyeupe, ngumu, kama ganda la yai. Nikakwangua na kisu nikaonja. Ndiyo, nilionja, mimi nikitaka kujua kitu sisubiri kuambiwa. Haikuwa chumvi, haikuwa sukari. Nikaanza kutafuta kwa kabati, nikapata mkebe wa Mbithe umefichwa nyuma ya unga, na ndani ni magadi! Mshauri, kwa nyumba yangu magadi haipikiwi, inanisumbua tumbo na Mbithe anajua. Nikajumlisha nyeupe ya hapa na nyeupe ya pale, nikasema huyu ananitilia magadi kwa chai. Na sabuni ya mche ilikuwa inaisha kwa siku nne, povu hakuna, nikasema hata sabuni anapelekea mama yake.

Nilimwambia hayo yote mbele ya akina mama wa chama, vikombe vikiwa mkononi. Akasema, "Mama, magadi ni ya maharagwe, imekataa kuiva, iko kwa moto tangu asubuhi." Nikamwambia, "Maharagwe ikukatae wewe peke yako? Mimi nimepika miaka hamsini bila magadi! Kama chai yangu imekuchosha, njia ya Kikima unaijua." Mmoja wa wale akina mama akaweka kikombe chini pole pole. Mbithe alifunga mtoto mgongoni akaenda, na huyo mtoto wa kwanza ndiye Kalondu, ana jina langu. Hii ni wiki ya saba.

Sasa sikiliza. Alipoenda nilinunua birika ingine nikaifungia chumbani mwangu, kifunguo kwa leso, hakuna mkono iliigusa ila wangu. Mwezi mmoja, nyeupe imerudi! Nikapeleka kwa Mulei, fundi wa redio hapa sokoni, huyo huniita nyanya kwa Kikamba, akasema, "Susu, hiyo ni mawe ya maji." Nikamuuliza, maji inang'aa hivi, mawe imejificha wapi? Akasema yeye ni fundi wa redio. Maharagwe pia nimejaribu mwenyewe, saa tano motoni, bado inapigana na meno.

Nauliza mambo mawili. Hiyo mawe inatoka wapi? Na Mbithe nitamrudishaje bila kumwambia pole, maana mimi ni mama mkwe, na Ndeti siku hizi anakula akiangalia ukuta.

Kalondu mkubwa,
Matinyani.

BI NASIMA ANAJIBU

Shikamoo, mama. Sikucheka, isipokuwa pale kwa fundi wa redio.

Maji ya kisima kirefu hukaa chini kwenye mwamba miaka mingi, na huyeyusha chokaa ya mwamba ule kidogo kidogo. Wewe ukikoroga sukari kwenye chai, baadaye unaiona? Huioni, lakini imo. Ukichemsha maji hayo, chokaa hutoka na kung'ang'ania chuma kinachotoa moto. Moto unabaki kusukumana na ukuta wa jiwe, birika inanguruma, na mwishowe chuma kinaungua. Chokaa hiyo hiyo ndiyo inayokula povu la sabuni, na ndiyo inayokaza ganda la maharagwe. Miaka hamsini umepika kwa maji laini, mama. Usijisifu kwa kazi ya mvua.

Mbithe naye amekulia huko Kikima, kwenye chemchemi za milima ya Mbooni, maji kama hayo yenu hakuyajua. Aliona maharagwe yanakataa akatafuta dawa yake. Wewe uliuliza kwa nini ana magadi. Hukuuliza kwa nini mwanamke anaficha kitu cha kupikia katika nyumba anayoita yake. Anakuogopa, na kumbe alikuwa na haki ya kukuogopa.

Birika usiitupe. Kamulia ndimu nne ndani, ongeza maji hadi nusu, chemsha, acha saa moja. Utaona jiwe linatoa povu na kumomonyoka. Mwaga, suuza, na urudie kila wiki mbili. Chai na maharagwe pika kwa maji ya tangi, ya mfereji yabaki ya ng'ombe na ya kuosha nyumba. Na Ndeti akitaka kuweka shawa ya stima aiunganishe na tangi, la sivyo nayo itaungua.

Ama hilo la kumrudisha bila kusema pole, mimi siwezi kukusaidia, wala sitaki. Ulimwaibisha mbele ya watu. Waite wale akina mama wa chama, uwaonyeshe birika uliyoifungia mwenyewe, na uwaambie kwamba mkono uliokuwa umeishika ni wako. Kisha nenda Kikima kwa miguu yako. Usimtume Ndeti, si yeye aliyemfukuza. Usipige simu. Mbuzi mpeleke kama desturi inavyotaka, lakini mbuzi hana mdomo.

Ukifika watakukaribisha kiti. Usikikalie kwanza, nakujua, ukikaa utaanza habari za mvua na mahindi mpaka jua lishuke. Mtafute Mbithe kwa macho, na ukiwa bado umesimama, sema, "Nilikosea." Halafu ndiyo ukae.