Ale Samaki Wangapi Ndipo Nimwambie?

Mpendwa mshauri, kwanza usinicheke, kisha nisaidie, maana sioni mbele wala nyuma. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti, ana presha, na kliniki nesi alisema apunguze mafuta mabaya, ale samaki kwa ajili ya mafuta mazuri, na zaidi ya yote apunguze mawazo, kwa sababu mawazo huamsha homoni zinazopandisha presha, basi mimi nikaelewa asipewe habari yoyote mbaya, na wiki hiyohiyo wifi akanipigia kuwa mama mkwe ameanguka, upande mmoja wa mwili hausogei, nikamsihi asimwambie kaka yake, ngoja kwanza mafuta ya samaki yamkolee mwilini, homoni zikija zikute kinga, na tangu hapo namchemshia samaki kila siku mpaka ananiambia, "Mke wangu, nitaota magamba," tunacheka, kisha anauliza, "Mama hajambo?" nami najibu, "Hajambo, anakusalimu," na jana wifi kasema mama anamwita mwanawe na sauti inazidi kufifia. Nimwambie, au nisubiri presha ishuke?

Mke wa Fundi

Mke wa Fundi, nusura nikucheke. Mapenzi yako nayaona. Akili uliisahau kliniki.

Nesi alisema "mawazo", wewe ukasikia "habari". Mafuta ya samaki huingia kwa mdomo, na faida yake, ikija, huja polepole. Homoni za mfadhaiko mwili hujitengenezea wenyewe, papo hapo mtu anaposhtuka. Samaki ni mzuri kwa moyo, huenda hata akautuliza mwili kidogo, lakini hakuna sahani inayomzuia mtu kumlilia mama yake. Tena homoni hizo si adui. Ndizo zitakazomnyanyua kitini akimbilie kwa mama yake. Zinazoumiza ni zile zisizopumzika, kama zako wewe unayedanganya kila mlo. Umepima presha yako?

Mama akizikwa huku mwanawe anachambua miiba mezani kwako, hilo ndilo wazo ambalo hatalipunguza maisha yake yote. Wala hatakusamehe, na mimi sitamlaumu.

Leo akirudi kutoka kazini, hakikisha amemeza dawa zake, mkalishe, umwambie bila mafumbo: "Mama anaumwa, nilikuficha, nisamehe." Atafoka. Mwache afoke. Kifua kikimbana, hospitali moja kwa moja. La sivyo, fungeni safari leo hiihii. Mama bado ana sauti ya kumwita, mpeleke akaitike.