Taimingi Belti ya Mama Mkwe

Jumatano, 3 Julai 2024

Boksi limefika! Basi la Mwanza limelishusha hapa Katoro saa nane, nikalibeba kifuani mwenyewe, bodaboda nikawakatalia wote. Pampu ya maji ya Bluu, Subaru yangu. Ya kiwandani! Stika yake ipo, nailoni yake haijaguswa. Nimeinusa. Ndiyo, nimeinusa — duka langu la kununulia dhahabu, mizani yangu, na wauzaji walikuwa bado hawajatoka machimboni.

Ila Otmar alikuwa mlangoni na gazeti lake.

"Mama Juliana, hiyo ni pampu ya ngapi?"

Nikasema ya kwanza. Uongo. Ni ya tatu.

Mume wangu ni mwalimu mstaafu. Gari hajui hata linapowashwa, lakini masharti anayajua. Akakunja gazeti, akayataja: Juliana anaolewa tarehe ishirini, kanisani Ushirombo. Bluu akimfikisha bibi harusi bila kuzimika njiani, yeye Otmar hatatamka neno "spea" mpaka azikwe. Akizimika, au asipoondoka kabisa, tunamuuzia Boaz wa Runzewe. Huyo Boaz kila mwezi anapiga simu kumuulizia Bluu hali, utadhani kalazwa wodini.

Nimekubali. Kwa hasira. Nikishakasirika nakubali vitu vya ajabu.

Ijumaa, 5 Julai

Fundi Theonest ameinua boneti, akasikiliza, akatikisa kichwa. Sipendi akitikisa kichwa.

Pampu inavuja. Klachi imechoka ila itavumilia nikiendesha kama mtawa. Tatizo ni taimingi belti — imepasuka-pasuka kama kisigino cha mkulima. Ikikatika tukiwa safarini, injini kwaheri.

"Orijino unayo, mama?"

Nikacheka. Ninazo mbili! Za kiwandani, na muuzaji wa Dar ameapa za injini yangu hazipatikani tena.

"Sasa kwa nini miaka yote unanipa nifunge hizi za bei rahisi?"

Swali gani hilo? Kwa sababu zile ni nzuri! Ng'ombe mzuri hachinjwi kwa mboga ya jioni. Akaniangalia kama naumwa. Pampu nayo nimemwambia afunge ya kichina, hii mpya tuitunze kwanza.

Theonest ni Mhaya, hatanielewa. Kwetu Samuye mwenye akili hafugi ng'ombe wake wote zizi moja. Anawagawa kwa ndugu na marafiki — kubilisa. Ugonjwa ukija hauwamalizi, na majirani hawajui una wangapi. Baba alikuwa na sitini. Mwaka ule wa ugonjwa, wa nyumbani walikufa wote, tukabaki na kumi na moja waliokuwa kwa watu. Hao ndio walionisomesha. Nilikuwa na miaka tisa na zizi lile tupu bado naliona. Basi na mimi spea zangu nimezibilisa. Belti moja iko kwa mjomba Masalu huko Samuye, pamoja na taa za mbele na diski za breki. Klachi iko kwa binamu yangu Mageni, Runzewe. Belti ya pili... hiyo tusiitaje kwanza. Ya mjomba inatosha.

Jumapili, 7 Julai — Sabasaba

Nimerudi kutoka Samuye. Nina mbuzi.

Nianze mwanzo. Nimefika, mwangaluka, shikamoo, marahaba, ugali na maziwa ya mgando. Kisha kengele ya kigango ikagongwa. Tamu, inaita mpaka tumboni. Nikasema mjomba, kengele mmeipata wapi? Akasema kwa fahari, "Ni ile diski yako, mwanangu. Paroko amekuombea kwa jina lako."

Mayo!

Taa za mbele ziko zizini, zimefungwa kwenye betri ya sola. Fisi hajakanyaga pale miaka mitatu. Na belti? Belti amefungia nira ya maksai. Amesema ni imara sana! Imelima misimu miwili!

Nikapandisha sauti. Mjomba akaniacha nimalize, akajibu polepole: "Uliniambia nikutunzie kama ng'ombe wa kubilisa. Ng'ombe wa kubilisa, maziwa ni ya nani?"

Ya anayemtunza. Kila mtoto wa Kisukuma anajua. Halafu na mwenye mali anastahili ndama wake, basi kwa kuwa taa zimeokoa mbuzi wengi, akanikatia mmoja jike. Haki yangu. Nikashukuru, wabeja, nikapanda basi na mbuzi wangu. Amekula nusu ya kofia ya abiria.

Otmar amemtazama mbuzi, akanitazama mimi. "Hiyo nayo inafungwa upande gani wa injini?"

Jumanne, 9 Julai

Runzewe. Mageni, wa mgahawa. Sahani ya klachi anaiweka chini ya sufuria la makande yasiungue. Nimeyala. Yana harufu ya lori linaloshuka mlima. Nimekula yote, nilikuwa na njaa na uchungu kwa pamoja.

Boaz alinipungia mkono kutoka dukani kwake. Sikumpungia.

Alhamisi, 11 Julai

Haya, tuitaje. Belti ya pili iko kwa mama mkwe wangu, Bibi Serafina, Ushirombo. Mwaka wa sita sasa.

Nilimpa makusudi. Siku niliyonunua Bluu alisema mbele ya ukoo mzima, "Mke wa mwalimu anamkimbia nani?" Hakuwahi kuifuta ile kauli. Nikaona huyu ndiye salama — asiyenipenda hatatumia kitu changu hata kwa bahati mbaya. Na sasa nimpigie simu nimwombe! Nimeshika simu mara nne. Mara ya nne nimeishia kumpigia Theonest, nikamuuliza kama belti mbovu inaweza kushonwa. Amekata simu.

Jumamosi, 13 Julai

Nimempigia. Shikamoo mama. Marahaba. Nikazunguka wee, mvua, mahindi, mapigo ya moyo. Akanikatisha: kama ni lile boksi, lipo, na atakuja nalo kwenye send-off. Basi. Akakata.

Ijumaa, 19 Julai

Send-off imefana! Juliana kang'aa, mashangazi wa Samuye wamecheza mpaka turubai likainama. Huyo mkwe wangu Deogratias ni mwembamba lakini ana adabu.

Bibi Serafina ameshuka kwenye gari la ukoo na furushi la kitenge mgongoni, kama anayebeba mjukuu. Nikapiga magoti, nikamsalimia, nikanyoosha mikono. Akanipita! Anasema ng'ombe wa watu anarudishwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi. Kesho asubuhi, baada ya uji.

Mama jamani. Harusi ni kesho.

Jumamosi, 20 Julai

Saa moja asubuhi. Naandikia juu ya boneti — hapana, boneti haipo, naandikia pajani.

Theonest ameanza kufungua saa kumi na moja. Belti mbovu kaikata kwa kisu, makusudi, nisije nikabadili mawazo. Anahitaji masaa matatu. Misa ni saa saba, kwa hiyo tuondoke saa nne. Otmar amevaa suti tayari. Na nje ya geti nani? Boaz! Na Noah yake nyeupe imefungwa maua, "endapo tu," anasema. Otmar ndiye aliyemwita. Tutaongea na Otmar.

Bibi Serafina amefungua kitenge mbele ya ukoo wote. Boksi. Mayo wane, boksi! Kona zote nne zimesimama. Gundi ya kiwandani haijaguswa. Hata rangi haijapauka. Anasema amelala nalo chini ya kitanda miaka sita, nyumba ilipovuja alilitoa kabla ya godoro, panya wamemlia kitenge cha Pasaka lakini hili hawakuligusa. "Sikujua ni nini, mkamwana. Nilijua ni lako."

Nimelia. Watu wakadhani ni mambo ya harusi. Miaka yote hiyo najua hanipendi!

Kisha akanipa mkasi. Anataka kuona alichokuwa analinda.

Na mkono umegoma. Nasema kweli, umegoma. Ndiyo ya mwisho. Nikiikata gundi hii, sina tena hata ng'ombe mmoja kwa mtu. Nikamwuliza Theonest, kwa sauti ndogo, kama hana ya kichina kwenye mfuko wake. Kwa leo tu. Theonest akaketi chini kwenye mafuta.

Nikasema ngojeni, lazima kwanza niandike namba ya boksi kwenye daftari. Kwa hiyo naandika. Wote wamesimama wananitazama nikiandika. Mbuzi pia.

Juliana ametoka ndani, nywele nusu zimesukwa, nusu bado. Akaliona boksi, akaniona. Hakukasirika, na hilo ndilo baya zaidi.

"Mama, unaitunzia harusi ya nani? Nina dada mimi?"

Hana. Ni yeye peke yake.

Boaz amewasha gari. Otmar anatazama saa, lakini naona na yeye hapumui. Bibi Serafina amekaa kwenye ndoo, amekunja kitenge kitupu mapajani, anangoja.

Nimekata gundi ya upande mmoja. Upande mmoja tu. Harufu imetoka. Namba ya boksi bado sijaiandika, na Juliana ananyoosha mkono achukue kalamu, ngoja nii