Jioni Niliyomwita Kutoka Kwenye Mashua

Jumatatu, alasiri. Chimwaga, nyumbani kwa mama mkwe.

Upepo hauna adabu leo. Tangu asubuhi unasukuma vumbi jekundu juu ya tembe, unaingia machoni, unaingia kwenye uji, na sasa unanipekulia kurasa kabla sijaandika chochote. Nimeweka jiwe juu ya daftari. Nyemo amelala mgongoni kwangu, pua inamkoroma kwa mafua. Katika siku chache nilizokuwa pwani ameota meno mawili zaidi.

Sijui nianzie wapi. Tangu Ijumaa sijala chakula kikashuka.

Nimemwona mume wangu.

Nimemwona, nimemwita, akaniangalia, kisha akainama akaendelea na mawe yake.

Daftari, wewe unajua mambo ambayo Bibi hayajui. Bibi ni mke wa Bwana wa reli hapa Dodoma, nami ni yaya wa binti yao, Liza. Nilipoomba kazi aliniuliza mume wangu yuko wapi, nikamwambia amekufa. Sikupanga kusema hivyo. Nilikuwa nimesikia kwamba nyumba za wazungu hazimchukui mke wa mfungwa, na huku nyumbani uwele ulikuwa umekwisha ghalani. Neno likatoka lenyewe. Tangu siku ile mimi ni mjane mbele ya Bibi. Mama mkwe anajua, na hajanisema hata mara moja.

Mume wangu hajafa. Alishika pembe za dume letu askari walipokuja kulichukua, hakuachia hata walipompiga, wakampeleka pwani kwa miaka miwili ya mnyororo. Inakwisha Jumamosi hii.

Ningepaswa kuwa nacheza ngoma. Lakini mwezi uliopita alikuja Malogo, mtu wa kitongoji cha Kikuyu hapa Dodoma, aliyefungwa naye akatoka kabla yake, akatuletea habari mbili. Ya kwanza, wafungwa wa mnyororo wanabeba mawe ya ukuta wa ufukweni, karibu na forodha, kila alasiri mpaka jua linapozama. Ya pili ndiyo iliyonikata miguu. Mtu fulani wa Mlali, kwetu nilikozaliwa, alifika pwani, akamwambia mume wangu kwamba nimerudi kwa kaka zangu na nimeolewa kwingine. Kwa hiyo ameapa kwamba siku ya kutoka atatia kidole gumba kwenye mkataba wa wakala wa mashamba ya mkonge, aende Tanga, asirudi huku tena. Wakala huwa anawangojea pale pale langoni mwa gereza.

Ni kweli nilikwenda Mlali. Nilikwenda kuzaa. Kwetu mtoto wa kwanza huzaliwa kwao mama yake, basi nikafunga mizigo, nikaondoka na mkeka na vyungu vyangu, na aliyeniona njiani akajisemea lake. Siku mume wangu alipochukuliwa hata mimi mwenyewe sikujua kwamba nina mimba.

Ndiyo maana Bibi aliposema tunakwenda pwani kumpokea mdogo wake aliyeshuka melini, nilikimbilia nyuma ya jiko nikalia kwa furaha. Nilijua Mungu amenifungulia njia. Nyemo nilimwacha kwa bibi yake, kwa kuwa mikono ya yaya ni ya mtoto mmoja tu.

Siku tatu tulikaa Dar es Salaam. Siku tatu sikupata hata nafasi ya kufika kwenye kona ya barabara. Na nitakiri hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumkiria: sikuomba ruhusa. Ningeomba, Bibi angeuliza nakwenda kwa nani. Kila asubuhi nilijiambia nitaomba mchana, na mchana nikajiambia nitaomba jioni.

Ijumaa jioni wenyeji wetu walitaka mgeni auone mji kutoka majini kabla giza halijaingia. Ilikuwa mashua ya moshi, yenye turubai jeupe juu na viti vya kukunja. Chai ilikuwemo, na biskuti ndani ya bati. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la ng'ombe wakati wa masika, na lile lambo unaliona mwisho wake. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mzee anayeshika usukani, Liza mapajani, nimeng'ang'ania ubao.

Mji ni mzuri, siwezi kuusingizia. Nyumba nyeupe zimejipanga pembezoni mwa maji, zina vibaraza vya matao, na jua la jioni lilizifanya rangi ya samli. Wazungu walikuwa wakiunyooshea vidole. Hili kanisa, lile kanisa jingine, ile hospitali, kule mbele anakaa gavana. Kila jengo lilipopita walilitaja, na mgeni akaitikia kwa sauti ya kupendezwa. Mimi nilikuwa natafuta forodha.

Nilimwamkia yule mzee, nikamwuliza tutapita karibu na forodha au mbali. Akaniangalia usoni, akauliza nina nani pale. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nikasema kweli. Nilisema nina mume, yuko kwenye mnyororo, na hajaniona miaka miwili.

Mzee aligeuza usukani kidogo kuelekea ufukweni, akapunguza moto wa mashine, akawaambia wazungu kwamba pale maji ni machache, lazima kwenda taratibu. Mungu amlipe mzee yule.

Basi tukawakuta. Walikuwa safu mbili, watano kwa kila mnyororo, wamefungwa shingoni, wanapokezana mawe kutoka kwenye rundo. Wa tatu katika safu ya karibu ndiye. Amekonda. Mgongo umekuwa wa mtu mzima kumzidi umri wake. Lakini hushika jiwe kama anavyoshika ndama mchanga, kwa mikono miwili chini ya tumbo, na hakuna mwanamume mwingine ninayemjua anayeshika kitu hivyo.

Nilisahau kila kitu. Nilisimama na Liza mkononi, mashua ikayumba, nikaita.

"Baba Nyemo!"

Wakainua vichwa, wote watano. Nikaita tena. Mara ya tatu niliita mpaka koo likaniuma. Hatukuwa mbali, mtu angeweza kunirushia jiwe likanifikia. Yeye aliniangalia. Aliniangalia sawasawa, daftari, muda wa kutosha mtu kumeza mate. Mmoja wao akasema neno, mwingine akacheka. Kisha mume wangu akainama, akachukua jiwe jingine, akampa mwenzake.

Mashua ikageuka.

Bibi aliniuliza nilikuwa namwita nani. Nikamjibu: ni mtu wa nchi yetu, nimemfananisha. Akaniambia nikae chini, nitamtumbukiza mtoto. Nikakaa. Nilimlisha Liza biskuti mpaka tulipofika gatini, na wale wazungu wakaendelea kutaja majengo.

Nimemkana mara mbili. Mara ya kwanza nilimwua kwa mdomo wangu ili nipate kazi. Mara ya pili alikuwa mbele ya macho yangu.

Kwenye gari la moshi la kurudi, njia nzima, kuanzia minazi mpaka miiba ya huku kwetu, niliwaza jambo moja tu. Amenikataa. Amesikia jina la mwanawe na halikumgusa. Labda anaamini mtoto ni wa huyo mume niliyesingiziwa. Labda mnyororo umemkausha moyo. Nilitamani reli ingekatika tubaki porini.

Leo Bibi amenipa siku moja nije kumwona Nyemo. Nimeshuka huku kwa miguu, nikamkuta mama mkwe uani anapepeta uwele. Nilipiga magoti nikamwamkia. Hakuuliza habari za safari. Aliendelea kupepeta, akingoja, kwa kuwa anajua nilichokwenda kukitafuta. Yule ni mwanawe wa pekee aliyebaki.

Nikamweleza yote. Sikuficha hata uongo wa mashuani. Nikamaliza kwa kusema, "Mama, mwanao amenikataa. Nirudishe kwa kaka zangu."

Ungo ukaendelea kurusha, mara moja, mara mbili. Kisha akauliza, "Ulimwitaje?"

"Nilimwita Baba Nyemo. Mara tatu."

Akauweka ungo chini. Kuku wakauvamia uwele, na hakuwafukuza. Mama mkwe ni mtu anayegombana na kuku kwa punje moja.

"Nyemo amezaliwa lini?"

Nilidhani uzee umemwingia ghafla. Nikaanza kumhesabia miezi, akanikatiza.

"Mwanangu alipochukuliwa, Nyemo alikuwa wapi?"

Nikajishika tumbo.

"Nani amemwambia kwamba yeye ni baba wa mtu?"

Daftari, sijawahi kupigwa na askari, lakini nadhani ndivyo inavyokuwa. Masikio yalianza kuvuma. Hapa nyumbani, kwa mwaka mzima na zaidi, kila mtu anamwita Baba Nyemo. Majirani wanauliza Baba Nyemo atarudi lini. Mama mkwe akisali anamwombea Baba Nyemo. Malogo mwenyewe, maskini, hakujua habari za mtoto mpaka alipofika huku na kumwona. Jina limezunguka nchi nzima hii likamwacha mwenyewe huko pwani akibeba mawe.

Alichoona ni nini basi? Aliona mashua ya wazungu. Aliona mwanamke aliyejifunga kanga na kitambaa cheupe kichwani, na yeye aliniacha nikiwa na shuka la kaniki na shanga. Mkononi nina mtoto wa kizungu. Mwanamke huyo anamwita baba wa mtu asiyemjua. Labda walidhani namwita mwingine wa safu ya pili. Labda ndilo lililomchekesha yule mmoja.

"Sasa ningemwitaje?" nilimwuliza mama mkwe, na nilikuwa nalia vibaya, kamasi na vumbi pamoja. "Jina lake silitaji. Unajua silitaji."

Mke wa Kigogo halitaji jina la mumewe. Hakuna aliyenifundisha kwa fimbo, nimelikuta hivyo, kama nilivyokuta kwamba mtu halali na miguu ikielekea mlangoni. Kabla ya Nyemo sikumwita kitu chochote. Nikimtaka nilikuwa nakohoa.

Mama mkwe akanifuta uso kwa pembe ya nguo yake. "Hata ungekohoa angegeuka," akasema. Tukacheka, wote wawili, kile kicheko kibaya cha msibani, na yeye ndiye aliyeanza kulia baada yake.

Sasa amekwenda kuchota maji. Mimi nimebaki na upepo na hesabu ya siku. Gari la moshi la kuteremka pwani linapita Jumatano. Jumamosi asubuhi wanafunguliwa. Bila cheti cha safari cha Bwana sipandi, na cheti sipati bila kumwambia Bibi kwamba marehemu wangu yu hai na amefungwa. Atanifukuza? Inawezekana. Nimeliwaza hilo tangu mchana, maana ghalani mwetu bado hamna kitu cha kujivunia. Na akininyima cheti, je? Miguu haiwezi kufika pwani kwa siku tano, na Nyemo mgongoni, na mafua haya. Nimepiga hesabu kila upande. Njia ni ile moja tu, inapita mbele ya Bibi.

Kabla hajachukua mtungi, mama mkwe alinisimamisha uani, akanitaka nilitaje. Alisema jina ni la kwake, yeye ndiye aliyempa siku ya kumzaa, na ananiruhusu. Nilifungua mdomo. Ulimi ulikaa pale kama ng'ombe anayekataa kuvuka mto. Nikajaribu tena, ikatoka pumzi. Akaniambia basi nianze na ile karatasi yangu, kwa kuwa karatasi haina masikio.

Nimekaa na kalamu muda mrefu. Wino unakauka kwa upepo huu, imenibidi nichovye upya mara nne.

Kesho jua likichomoza nitakuwa kwenye baraza la Bibi, Nyemo mgongoni, amwone kwa macho yake. Nitasema kweli yote, na atakalosema na aseme. Nikifika langoni Jumamosi nitavaa kaniki yangu na shanga zangu. Nitasimama mbele ya wakala. Sitamwita baba wa mtu. Hilo jina nitampa mikononi, lenye meno mapya na makamasi yake, baada ya yeye kugeuka.

Nimeandika. Herufi zimelala upande, lakini jina linasomeka.

Ndahani.

Ndahani, mume wangu, mimi sijaolewa.