Wewe Ndiye Uliyepaswa Kunioza

Basi ndiyo hivyo, Kaka Feisal, nimeolewa, na jawabu la lile swali lako ni ndiyo: chai yuajua kuipika. Huitia iliki kabla maji hayajachemka, na akinipa kikombe hukishika kwa mikono miwili, kama aniposa upya kila asubuhi. Anaitwa Twalib, ni karani wa mizigo bandarini Mbaraki, na nikisikia viatu vyake kwenye ngazi moyo wangu hutangulia kumfungulia mlango. Najua ungenikunjia uso: "Haya, yatosha, watutia kichefuchefu." Lakini nimpe nani habari hizi kama si wewe?

Ulikuwa ushaapa kumtahini atakayeniposa. Wakumbuka? Baba alipofariki wewe ndiwe uliyebaki kuwa walii wangu, mtu wa kunioza kisheria, na cheo hicho kilikupanda kichwani. Ulikuwa umekaa kibarazani petu Kibokoni, friji mbovu ya watu iko wazi mbele yako, mikono imejaa mafuta, ukasema, "Atakayekuja kukuposa, kwanza apike chai. Akiiharibu arudi kwao."

Mama akakujibu kutoka dirishani, "Kwa masharti hayo mwenzio atazeekea hapa, na wewe utamlisha."

"Nitamlisha. Huyu si maini yangu?"

Siku ya nikaha, aliyepanda kuniuliza ridhaa yangu alikuwa Ami Said, yule aliyesema ana homa siku ya maziko yako. Homa ile ilikuwa ni kuogopa kuonekana nasi. "Mwanangu, nikuoze Twalib?" akaniuliza. Nilinyamaza. Kwetu kimya cha mwari ndiyo ridhaa, na wanawake walionizunguka wakapiga vigelegele wakidhani ni haya. Haikuwa haya. Nilikuwa nangojea sauti nyingine iniulize, na ilinichukua muda kukumbuka kwamba haiji.

Haiji kwa sababu walikuua. Naandika hivyo hivyo, kwa kuwa nimechoshwa na maneno ya kufunikafunika. Ilikuwa alasiri, Makadara, wewe umechuchumaa nyuma ya friji ya duka la maji ya matunda. Wakashuka watu watatu wasio na sare, mmoja akaita jina lako, ukainuka kumwitikia. Ndiyo hayo tu. Mwenye duka alimwambia Mama hukupata hata kumaliza kusema "naam". Magharibi redio ikatangaza kwamba mshukiwa sugu wa ugaidi ameuawa akijaribu kufyatua bastola. Bastola, kaka! Wewe ulikuwa na bisibisi.

Kesho yake, kwenye chumba cha maiti, Mama aliuliza mwanawe alishtakiwa kwa kosa gani. Askari mmoja alikuwa amekaa pale akibambua njugu. Alimjibu bila kuinua macho, "Mama, hiyo kesi imekwisha." Imekwisha vipi kesi ambayo haikuanza? Hata leo, nikiwa katikati ya furaha yangu, nikikumbuka yale maganda ya njugu yakianguka mbele ya miguu ya mamangu, chakula hukiweka chini kwa kinyaa.

Mara mbili walikuwa wamekuita kituoni kukuhoji, na mara mbili ulikwenda kwa miguu yako, umevaa shati lako la Ijumaa. Nyumba waliijua. Kazi waliijua. Mtu anayekuja akiitwa, risasi ni ya nini? Sisemi kwamba nilijua kila ulichokifanya, wala kila mtu uliyekaa naye baada ya darasa la msikitini. Huenda kulikuwa na jambo. Kama lilikuwapo, nilitaka lisomwe mbele ya hakimu, mashahidi waulizwe, nawe ujibu. Ungepatikana na hatia ningekuletea chakula gerezani huku nakukasirikia. Hata hatia yako, kama ilikuwapo, ilikuwa haki yangu kuijua. Wameichukua nayo wakaizika.

Na kinyaa kikubwa zaidi ni cha nafsi yangu. Alipouawa yule kijana wa mtaa wa pili, mwaka mmoja kabla yako, mimi na wewe tulikuwa twala viazi vya karai pale kwenye kona. Nikasema, kinywa kimejaa, "Hawauawi bure hawa."

Ukaweka kiazi chako chini. "Wewe umekuwa kadhi tangu lini? Umemsikiliza?"

"Lo! Na wewe watetea magaidi?"

"Simtetei. Nauliza, nani alimsikiliza?"

Nikacheka, nikaongeza ukwaju. Nisamehe, kaka. Mamake yule kijana twapishana naye kila siku njiani, na sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba nami nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo.

Sasa sikiliza yaliyonipata siku ya kupambwa. Walinikalisha jukwaani, hina mpaka viwikoni, vikuba vya asumini kifuani, ukumbi mzima wanawake peke yao na mabuibui yamewekwa kando. Wajua desturi: mwari hasemi, hacheki, hamwangalii mtu. Macho chini, atazamwe yeye. Nilikuwa nimejiapiza kutulia, kwa mapenzi niliyo nayo kwa Twalib na kwa heshima ya kwao. Safu ya mbele alikaa jamaa yao mmoja, bangili za dhahabu mpaka karibu na kiwiko, sambusa mkononi. Nikamsikia akimwambia jirani yake, wala hakujali kupunguza sauti, "Ndiye huyu, nduguye yule gaidi. Si heri walimmaliza? Hawauawi bure."

Maneno yangu mimi, kaka, kutoka kinywani mwa mtu mwingine. Nikainua macho.

"Jina lake Feisal," nikasema, "na yeye ndiye aliyepaswa kunioza. Hakuna hakimu aliyemhukumu. Umemhukumu wewe, sasa hivi, na sambusa mkononi."

Waimbaji wakakatiza. Mtu akasema, "Subhanallah, mwari asema!" Yule wa bangili akageuka nyuma, akaita kwa sauti, "Bi Zuhura! Waona ulichokiingiza nyumbani? Nawe na mguu wako huo!"

Bi Zuhura ni mamake Twalib. Mguu wake wa kulia ni wa plastiki. Wake mwenyewe ulikatwa baada ya magaidi kutega bomu mahali alipokwenda kununua vitambaa vya mapazia. Nilipomwona ashika mkongojo na kuinuka, nikajua nimeharibu. Ndoa ina siku mbili tu, nami nimeshaachwa. Alikuja polepole mpaka mbele, akasimama kati yangu na yule mwanamke.

"Mguu ni wangu, usinisemee," akamwambia. "Walinijia wakubwa wa polisi nikiwa bado kitandani: 'Bi mkubwa, furahi, tumemuua aliyekufanyia haya.' Nikashukuru. Mwaka uliofuata wakaja tena: wamemuua. Wakaja na mara ya tatu. Hebu niambie wewe mwenye akili, mtu mmoja hufa mara ngapi? Na wale wengine walikuwa wana wa nani?"

Yule mwanamke akanyoosha mkono kutafuta buibui lake.

"Mimi nilimtaka hai. Nilitaka asimame kizimbani autazame mguu huu, aniambie kwa nini. Wameninyima hata hilo, kisha wataka nipige vigelegele." Halafu akanigeukia mimi: "Na wewe, rudisha macho chini. Wanja wakuchuruzika, waonekana kama umetoka kuosha masufuria."

Ukumbi ukaangua kicheko, nami nikacheka na kulia pamoja, jambo ambalo mwari pia haruhusiwi. Yule wa bangili alichukua buibui lake akaondoka. Sambusa alikwenda nayo.

Nilimhadithia Twalib yote. Akaniambia, "Sitakudanganya. Zile siku nilipokuwa namfunga Mama bendeji, hata mimi nilitaka waue yeyote."

"Kisha?"

"Kisha wakaua yeyote."

Kwa neno hilo nimempenda kuliko kwa maua yote aliyoniwekea kwenye mto wa kulalia, na maua si machache. Wako watu watakaosoma barua hii waseme gaidi hana haki, amalizwe palepale. Nawaelewa, mguu wa mama mkwe wangu nauona kila siku ukiegemea ukuta. Lakini gaidi aliyemkata mguu hakumuuliza jina. Waliokuua wewe walikuita kwa jina, ukaitika, wakapiga. Hiyo ndiyo tofauti niliyoiona baina yao, na haitoshi. Serikali yenye mahakama, magereza, pingu na mawakili, ikichagua kumvizia fundi wa friji mchana kweupe, yanitia kinyaa. Nao wanaopiga makofi wanitia kinyaa, kama nilivyojitia mimi mwenyewe.

Tumeandika ombi mahakamani, kaka, kifo chako kichunguzwe mbele ya hakimu, na wale watatu waitwe waseme walikuwa na ushahidi gani. Mama ametia sahihi, nimetia mimi, na Bi Zuhura akadai jina lake liwemo, na habari ya mguu wake, na zile mara tatu. Jana Ami Said naye alikuja. Alisoma karatasi mara mbili, akaandika jina lake, akaondoka bila kunywa maji. Huenda tukasikilizwa, huenda tukatupwa. Lakini wakilikataa, itabidi waandike kwamba wamelikataa, na jina lako litakuwa limetamkwa mahali linapoandikwa.

Kaburi lako sijaliona. Siku ile wanaume walikuchukua, sisi wanawake tukabaki ndani tukisoma Yasin. Twalib ameuliza msikitini, akaambiwa mwanamke kuzuru kwa adabu hakuna ubaya, basi amesema atanipeleka yeye mwenyewe. Kwa hiyo kabla mwezi huu haujaisha, kaka, Ijumaa moja baada ya sala, nitakuja. Twalib atakuwa mbele yangu, na yeye ndiye atakayetangulia kukutolea salamu. Mwitikie. Ni shemeji yako.

Mdogo wako, ambaye sasa ni mke wa watu